Koliflawa na Mbegu Yake

Koliflawa ni mboga ya ajabu miongoni mwa mboga za bustani, kwa sababu kinacholiwa si jani, wala tunda, wala mzizi. Kinacholiwa ni ua ambalo halijapata kuwa ua. Mtunza bustani huukata mmea huo katika saa ambayo umekwisha kukusanya nguvu zake zote kwa ajili ya kuchanua, lakini haujachanua. Akikawia siku chache, kichwa kile cheupe kilichoshikamana hufumuka, hugeuka rangi, na hakifai tena jikoni. Akiwahi, hupata chakula lakini hukosa mbegu. Mwenye nyanya huweza kula nyama ya tunda akaweka mbegu zake. Mwenye kunde huweza kugawa alichovuna, sehemu ikaenda chunguni na sehemu ikarudi shambani. Mwenye koliflawa hana mgawo huo. Kila kichwa kilicholiwa ni uzazi uliokatizwa, na kila mbegu iliyopandwa ilitokana na kichwa ambacho mtu fulani alijinyima.

Kwa sababu hiyo, historia ya mboga hii katika bustani za nyumbani haielezeki vema kwa kutaja tu nchi ilizopitia na wakubwa walioila. Habari iliyo kubwa zaidi ni ya mbegu: nani aliiweka, wapi, na kwa gharama gani. Waswahili husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mmea nao huingia katika nchi kwa ugeni. Huoteshwa kwa mbegu zitokazo mbali, na siku njia ya mbegu hizo inapokatika, hutoweka. Uenyeji wake huanza pale unapozaa mbegu katika ardhi ile, na mbegu hiyo ikapandwa tena na watu wa pale. Koliflawa imekuwa mgeni mahali pengi na mwenyeji mahali pachache, na aghalabu tofauti baina ya hali hizo mbili imehifadhiwa katika majina yake kuliko katika nyaraka.

Kwa wataalamu wa mimea, koliflawa, kabichi, brokoli na sukuma wiki ni ndugu wa tumbo moja. Zote ni za aina iitwayo Brassica oleracea, na tofauti zilizopo baina yao ni kazi ya mikono ya watu kwa karne nyingi. Waliopenda majani walichagua mimea yenye majani mapana, wakapata jamii ya sukuma wiki; waliopenda majani yaliyofungamana walipata kabichi; na waliovutwa na vitumba vya maua walipata brokoli na koliflawa. Mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa, miongoni mwao François Parcy na Christophe Godin, walieleza katika jarida la Science jinsi kichwa cha koliflawa kinavyojijenga. Kila kichipukizi chake hujaribu kuwa ua na kushindwa. Kikishindwa hurudi kuwa shina, na shina hilo huzaa vichipukizi vingine ambavyo navyo hujaribu na kushindwa, mara nyingi zisizohesabika kwa jicho. Ndiyo maana kipande kidogo cha koliflawa hufanana na kichwa kizima. Kasoro hiyo ya mmea ndiyo iliyokuwa faida ya mpishi, na bila shaka mtu wa kwanza aliyeiona katika shamba la kabichi aliistaajabia kabla ya kuionja.

Asili ya jamii hii ilibishaniwa kwa muda mrefu. Wako walioitafuta katika pwani za Uingereza na Ufaransa, ambako kabichi-mwitu humea juu ya majabali ya bahari. Walakini utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Molecular Biology and Evolution, ukichanganya ushahidi wa urithi wa mimea na ule wa lugha na maandiko, uliielekeza asili hiyo mashariki ya Bahari ya Mediterania, na ukaonyesha kuwa jamaa wa mwituni aliye karibu zaidi ni mmea uitwao Brassica cretica, unaoota katika visiwa na pwani za upande huo. Plinio wa Roma, katika karne ya kwanza, alisifu namna moja ya kabichi iliyotoa machipukizi mororo, na baadhi ya wasomi huona kuwa alisema habari za koliflawa au brokoli. Maneno yake ni machache mno kukata shauri hilo.

Palipo na maneno yaliyo wazi zaidi ni katika maandiko ya Waarabu. Mwishoni mwa karne ya 12, Ibn al-Awwam wa Sevilla, katika Hispania ya Waislamu, alitunga kitabu kikubwa cha ukulima kiitwacho Kitab al-Filaha, na ndani yake aliitia mboga iitwayo kwa Kiarabu qunnabit, kwa matamshi ya baadaye qarnabit. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kihispania na José Antonio Banqueri na kupigwa chapa Madrid mwaka 1802, nacho ni hazina kwa sababu mtungaji wake hakuridhika na kunakili wa kale: alilima pia, akaandika aliyoyajaribu. Koliflawa katika kurasa zake ni mmea wa bustani wenye wakati wake wa kuatikwa, wakati wake wa kupandikizwa na haja yake kubwa ya maji. Mtu asomaye mafundisho ya bustani ya leo atakuta mambo yayo hayo, yaani kitalu, miche, samadi na umwagiliaji usiokatika.

Hapa msomaji wa Kiswahili hana budi kusimama kidogo na kujiuliza jambo. Lugha ya Kiarabu iliipa pwani ya Afrika Mashariki majina mengi ya vyakula vya bustani. Bamia ni neno lake. Figili ni neno lake. Kadhalika thumu. Qarnabit haikupita. Mboga hii ilipoingia katika Kiswahili iliingia baadaye sana, kwa jina la Kiingereza lililolainishwa tu mwisho wake, nalo ni koliflawa. Yamkini sababu yake ni hali ya hewa. Bamia hupenda joto la pwani, na mbegu yake hukauka juu ya mti ikingoja mkono wa mwanamke wa nyumba. Koliflawa ya zamani ilitaka baridi, na mbegu yake isingalipatikana Lamu wala Unguja hata kama ingeletwa kila mwaka na jahazi. Jina husafiri pamoja na kitu kinachoweza kuishi. Kisichoweza kuishi hubaki kuwa habari za nchi za watu.

Huko Ulaya koliflawa ilianza nayo kwa ugeni. Waitalia waliipokea mapema na kuiita ua la kabichi, na jina hilo ndilo lililozaa majina ya Kifaransa na Kiingereza. Wafaransa waliwahi pia kuiita kabichi ya Kuprosi, kwa kisiwa kile cha mashariki, na jina hilo ni ushahidi wa mahali ilipodhaniwa kutoka. Mwaka 1597 John Gerard aliitaja katika kitabu chake cha mimea kilichopigwa chapa London. Mwaka 1600 Olivier de Serres, mwandishi mashuhuri wa ukulima wa Ufaransa, alieleza kuwa mboga hiyo, ambayo aliiita kwa jina lake la Kitaliano, ilikuwa bado adimu nchini mwake na ilipewa mahali pa heshima bustanini. Miaka themanini hivi baadaye ilikuwa imekwisha kuwa mboga ya mfalme. Bustani ya mboga ya Louis XIV huko Versailles ilijengwa baina ya mwaka 1678 na 1683 chini ya Jean-Baptiste de La Quintinie, na kitabu chake, kilichotolewa mwaka 1690 baada ya kufa kwake, hueleza kwa urefu namna ya kuilea miche. Miche michanga ilikingwa na theluji kwa vifuniko vya kioo vyenye umbo la kengele, na matuta yalitiwa samadi mbichi ya farasi ili yatoe joto kutoka chini. Mtu maskini hakuwa na kioo wala farasi, na kwa hiyo koliflawa haikuwa mboga yake.

Iliyoitoa mboga hii katika bustani za wakubwa na kuitia katika bustani za watu wa kawaida ni kazi ya watu walioweka mbegu wenyewe, kila mmoja katika hali ya hewa yake. Katika mji wa Erfurt nchini Ujerumani, Christian Reichart, aliyeishi baina ya 1685 na 1775, aliendeleza ukulima wa koliflawa katika mabonde yenye chemchemi kando ya mji, na Erfurt ikapata sifa ya mji wa mbegu. Kutokana na jamii ya koliflawa fupi ya Erfurt zilitokea baadaye zile zilizoitwa Snowball, zenye vichwa vyeupe vilivyoshikamana, ambazo zilienea dunia nzima. Huko Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, na katika Brittany ng'ambo ya mfereji wa bahari, ambako baridi si kali, wakulima walipata aina zao, ndefu za shina, zilizostahimili kipupwe shambani bila kioo. Mmea uliotoka mashariki ya Mediterania ukawa na watoto wa Kijerumani, wa Kibretoni na wa Kikonwoli, kila mtoto na tabia yake.

Ili kufahamu uzito wa kazi hiyo hapana budi kujua desturi ya mmea wenyewe. Mbegu huatikwa kitaluni, na baada ya wiki 4 hadi 6 miche hupandikizwa kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60. Hapo mmea hutoa majani kwanza. Ukifika umri wake, na hewa ikiwa ya baridi ya kadiri, huacha majani na kuanza kichwa. Hewa ikiwa ya joto mno kwa aina ile, huendelea kutoa majani bila mwisho, au hutoa kichwa kilicholegea chenye vinyweleo, ambacho watunza bustani hukifananisha na wali. Ukipata shida ungali mchanga, kwa kiu au kwa njaa ya udongo, hutoa kichwa kidogo kama kifungo cha nguo, na hautoi kingine. Udongo wenye uchachu nao huuumiza: majani hukosa upana wake, hubaki kama mjeledi. Wakulima walitia chokaa kwa miaka mingi wakaona inaponya, wasijue kwa nini. Katika miaka ya 1940 ndipo wataalamu walipothibitisha, kwa majaribio yaliyofanywa New Zealand na kwingineko, kwamba ugonjwa huo ni upungufu wa madini yaitwayo molibdenamu, ambayo udongo mchachu huyashika na chokaa huyafungua.

Kichwa kikifika ukubwa wa yai la kuku, mtunza bustani huyakunja majani ya nje na kuyafunga juu yake ili jua lisikigeuze kuwa cha manjano. Baada ya hapo hukitazama kila siku mbili, maana uvunaji wa koliflawa haungoji nafasi ya mtu. Kikiwa na upana wa sentimita 15 hadi 20 na kingali kimeshikamana, hukikata asubuhi pamoja na majani machache ya kukilinda. Hapo ndipo desturi ya bustani inapoachana na desturi ya mbegu. Atakaye mbegu hukiacha kichwa kile kile kizuri kifumuke, kitoe mashina marefu, kichanue maua ya manjano, kingoje nyuki, kisha kikauke. Aina za Ulaya hutaka kipupwe kizima cha baridi kabla ya kufanya hivyo. Tena shina moja pekee halitoshi, kwa kuwa mimea mingi ya jamii hii huikataa chavua yake yenyewe. Mwenye kutaka mbegu njema huacha mimea kumi au zaidi. Bustani ndogo ya nyumbani inapoacha vichwa kumi vilivyo bora visiliwe, hiyo ni sadaka kubwa kuliko inavyoonekana katika vitabu.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote wa sadaka hiyo ulitokea Bara Hindi. Vishnu Swarup na S. S. Chatterjee, katika makala yao ya mwaka 1972 katika jarida la Economic Botany, wanaeleza kuwa koliflawa ililetwa kutoka Uingereza mwaka 1822 na kupandwa katika bustani ya Kampuni ya Mashariki ya Hindi huko Saharanpur, kaskazini ya nchi. Mbegu za Ulaya zilijaribiwa katika sehemu mbalimbali za tambarare ya kaskazini. Wazungu walizitaka kwa meza zao, na walitaka ziote katika majira ya baridi, ambayo huko ni mafupi. Kama mambo yangalibaki hivyo, koliflawa ingalikuwa mboga ya kambi na ya nyumba za watawala, ikitegemea merikebu ya kila mwaka, na habari zake zingalikwisha siku merikebu hiyo ilipokoma.

Mambo hayakubaki hivyo. Wakulima wa bustani walianza kuipanda mapema kuliko kanuni ya Kiingereza ilivyoamuru, katika miezi ya joto na mvua, baina ya Mei na Julai. Mimea mingi haikuweza. Michache ilitoa vichwa, navyo vilikuwa vya manjano, vilivyolegea kidogo na vyenye harufu kali, juu ya shina refu. Mimea hiyo michache ndiyo iliyoachwa izae. Mwaka uliofuata ikapandwa mbegu yake, ikaachwa tena iliyostahimili. Kizazi baada ya kizazi mmea ulisahau haja yake ya kipupwe. Kwa kupima shina, rangi na harufu, Swarup na Chatterjee waliona kuwa damu ya aina za Cornwall ina sehemu kubwa katika koliflawa hizo za Kihindi. Lakini tabia yake ilikuwa imebadilika kabisa: aina za mapema hutoa kichwa katika joto la nyuzi 20 hadi 27 za sentigredi, ambapo Snowball hutaka nyuzi 10 hadi 16, na huchanua na kuzaa mbegu palepale tambarare, ndani ya mwaka mmoja, bila theluji.

Wakulima hao hawakuandika vitabu, wala majina yao hayamo katika kumbukumbu za Saharanpur. Waliacha majina ya mimea. Mbali na jina la jumla, phul gobhi, ambalo maana yake ni kabichi ya ua, walizipa aina zao majina ya miezi ya Kihindi. Kunwari ni ile inayokatwa mwezi wa Kunwar, Septemba kuingia Oktoba. Katki ni ya mwezi wa Kartik. Aghani ni ya Aghan. Pusi ni ya Pus. Na Maghi ni ya Magh, Januari kuingia Februari. Msomi akiyapanga majina hayo matano huona kalenda, na katika kalenda hiyo husoma habari isiyosemwa mahali pengine: kwamba mboga iliyokuja ikiwa na msimu mmoja mfupi ilinyooshwa na mikono ya watu hata ikajaza karibu nusu ya mwaka. Mwaka 1929, miaka 107 baada ya Saharanpur, kampuni ya mbegu ya Sutton, yenye asili ya Uingereza na tawi lake Calcutta, ilikuwa ikiuza aina zilizochaguliwa kutokana na mbegu za wakulima hao. Taifa lililoleta mbegu lilikuwa sasa linanunua mbegu. Huo ndio ukomo wa ugeni.

Kinyume chake kilionekana katika nchi hiyo hiyo, na katika kizazi hicho hicho. Aina za Snowball, ambazo wenye mashamba walizipenda kwa weupe wake, hazikupata kuzaa tambarare, na mbegu yake iliendelea kutoka Ulaya. Vita vya pili vya dunia vilipoifunga bahari, mbegu ilikatika. Ilibidi pafunguliwe mashamba ya mbegu katika nyanda za baridi za Quetta mwaka 1942. Mwaka 1947 nchi iligawanywa, Quetta ikawa ya Pakistani, na wakulima wa Bara Hindi wakajikuta tena bila chanzo. Mwaka 1949 kituo kipya kilianzishwa Katrain, katika bonde la Kullu chini ya milima ya Himalaya, na humo mbegu za mboga za baridi zimezalishwa tangu wakati huo. Katika misukosuko hiyo yote mwenye Kunwari na Katki hakuwa na haja ya kungoja meli wala kituo. Mbegu yake ilikuwa imefungwa kitambaani na kutundikwa darini.

Historia ya Afrika Mashariki imegusana na hiyo ya Bara Hindi. Reli ya kutoka Mombasa hata ziwani ilijengwa baina ya 1896 na 1901 na vibarua zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, na zaidi ya 6,000 kati yao walibaki. Wengine walifungua maduka, na wengine walilima bustani za mboga kandokando ya Nairobi. Wakati huo huo walowezi na wamisionari waliotoka Ulaya walipanda mboga za kwao katika milima yenye baridi: Limuru katika Kenya, Lushoto katika Usambara, Mgeta katika Uluguru. Milima hiyo ilifaa. Watu wa nchi walijifunza kazi hiyo haraka, kwanza kwa ujira, kisha kwa nafsi zao, na leo koliflawa ya Mgeta huliwa Dar es Salaam kama ile ya Limuru inavyoliwa Nairobi. Kwa ustadi wa kulima, mkulima wa Uluguru au wa Usambara hana la kujifunza kwa mtu. Hupandisha maji kwa mifereji juu ya matuta ya mlima, na huijua saa ya kukata kama aijuavyo saa ya sala.

Lakini mbegu yake aghalabu hutoka dukani, ndani ya kopo au pakiti iliyochapwa jina la nchi nyingine. Ukweli huo unaonekana zaidi ukilinganishwa na habari za ndugu yake. Sukuma wiki nayo ni Brassica oleracea, nayo ilikuja kutoka ng'ambo. Walakini katika magharibi ya Kenya wakulima huiendeleza kwa kukata vichipukizi vya ubavuni na kuvipanda, bila kutafuta mbegu kabisa. Na huko Kinale, katika Kiambu, wakulima waliichagua na kuweka mbegu zake hata ikapatikana aina iitwayo kwa jina la mahali hapo. Mboga hiyo ilipata jina la Kiswahili, lenye mzaha na uchungu wa watu wanaohesabu siku hadi mshahara. Haikuitwa kwa jina la Kiingereza kwa sababu haikuendelea kuwa ya Waingereza. Koliflawa, iliyokuja katika safari ile ile na kupandwa katika udongo ule ule, imebaki na jina la pakiti. Haina Kinale yake, wala haina mwezi wake.

Si haki kumlaumu mkulima kwa hilo. Sukuma wiki hutoa jani leo na jani kesho, na mwenye bustani huweza kula na kuhifadhi kwa wakati mmoja. Koliflawa humlazimisha kuchagua, na mwenye watoto wanaongoja ada ya shule hawezi kuacha vichwa kumi vilivyo bora vioze kwa ajili ya miaka ishirini ijayo. Tena elimu ya mbegu yenyewe imechukua njia ambayo inazidi kumweka mbali. Mwaka 1968 mtaalamu wa Japani aitwaye Ogura alieleza figili isiyotoa chavua. Baadaye tabia hiyo ilihamishiwa katika jamii ya kabichi, na leo hutumiwa kwa wingi kuzalisha mbegu chotara za koliflawa. Chotara hizo zina vichwa vinavyolingana na hukomaa kwa siku moja, jambo ambalo ni neema kwa mwenye kuuza sokoni. Lakini nyingi kati yake hazina chavua, na zile zenye nayo hazizai watoto wanaofanana na mama. Mkulima wa Kartik angeikuta mbegu ya namna hiyo ingalimshinda, hata kwa subira ya miaka 107.

Hata hivyo yaliyofanyika Bara Hindi hayakufanywa na watu waliokuwa na nafasi zaidi, wala ardhi zaidi, wala serikali yao wenyewe. Yalifanywa na watu wengi wenye bustani ndogo, ambao kila mmoja aliacha kidogo, na ambao hawakuwa na haja ya kukubaliana kwa maandishi. Aina zinazozaa kwa chavua huria zingaliko, zikiwamo zile za Kihindi zilizokwisha kuzoea joto. Nyanda zetu zina baridi ya namna nyingi, kutoka Lushoto yenye kimo cha mita 1,400 hivi hadi Kinangop yenye mita zaidi ya 2,400, na zina watu wanaojua kutazama mmea. Kinachotakiwa ni mimea kumi katika bustani ya mtu mmoja, kumi katika bustani ya jirani yake, na mtu wa kuandika mwezi ambao kila mmoja ulitoa kichwa.

Kazi ya mwisho hiyo ni ya wasomi, nao hawana udhuru. Wanahistoria wa nchi hizi wamezoea kutafuta habari za mazao katika taarifa za maofisa wa kilimo, ambamo hutajwa mwaka wa kuletwa mbegu na jina la aliyeileta. Habari za pili, za mbegu ilivyotunzwa, ziko katika vinywa vya wakulima na katika majina ambayo hayajaingizwa katika kamusi yoyote: aina ya kabichi inayoitwa kwa jina la kijiji, aina ya viazi inayoitwa kwa jina la mama aliyeigawa. Majina hayo hufa pamoja na mbegu zake, na yakifa hayarudishwi na maktaba. Siku itakapopatikana katika Usambara au Uluguru koliflawa inayoitwa kwa mwezi wa watu wa huko, mwanahistoria hatahitaji hati nyingine ya kumwambia kuwa mgeni ameshika jembe.